Kijana akiingia rezerve, masomo yake yatalipwa na nani?

Tangu Kanyabayonga ianguke mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 2024, familia nyingi za Lubero na Butembo zinajiuliza hivi: kijana akiacha masomo aende kupigana, siku akirudi nani atamulipia?

Tarehe 3 mwezi wa 11 mwaka 2022, Rais Félix Tshisekedi aliomba vijana waingie jeshini na waunde vikundi vya kulinda mitaa. Mwezi wa 5 mwaka 2023 sheria ikaunda Réserve armée de la défense, ile tunaita RAD. Lakini angalia: kuitwa Mzalendo barabarani ni kitu kimoja, kuandikwa rezerve kwa jina na karatasi ni kingine.

Na karatasi njo inabeba kila kitu. Huko Marekani, kwa sheria ya mwaka 2008, rezervisti akiitwa kazini anahesabiwa siku. Akifikisha siku 90, serikali inaanza kumulipia sehemu ya masomo ya juu. Akifikisha miezi 36, anapata haki nzima. Lakini siku za mazoezi ya kila mwaka hazihesabiwi, hata kama alivaa uniforme ileile. Amri yake inaandikwa tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na hapo ndipo anadai.

Kwetu, masomo ya msingi ya serikali ni bure tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, kufuatana na kifungu cha 43 cha Katiba. Hiyo ni haki ya kila mtoto, wa askari ao wa muuza ndizi. Mtu asikudanganye kwamba ni zawadi ya rezerve! Sekondari, wazazi wangali wanatoa feza.

Kwa wenye miaka chini ya 18, hakuna majadiliano. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 inakataza kuwaingiza jeshini na katika vikundi vya silaha, na serikali inapaswa kuwatoa humo na kuwarudisha katika maisha ya kawaida.

Mzazi, kama kijana wako mkubwa ameamua kwenda, muulize: nani alitia sahihi kwenye karatasi yako? Ni kwa muda gani? Wameandika nini juu ya masomo? Ahadi ya mdomo usiihesabu. Halafu achukue bulletin zake zote mapema na aziache kwa mtu wa kuaminika. Masomo yakihama ao yakichomwa, kuzitafuta ni kazi kubwa, na bila bulletin kujiandikisha kwa egzetat ni matatizo.