Maotea na Magugu: Tutazame Kabla ya Kulimia



Kila mvua zikikaribia tunaweka vibarua kulimia chini ya mikarafuu. Kazi ikisha, pamekuwa peupe, nasi tunafurahi. Kisha tunatoa fedha kununua miche, ilhali ile iliyojiotea bure tumekwisha kuikata kwa jembe. Kosa hili sisi wenyewe tumelifanya, kwa hiyo hatumlaumu mtu.

Anayesafiri njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji, huona miembe mikubwa. Asili ya mwembe si Afrika, bali ni Bara Hindi. Wazee husimulia kuwa mingi iliota kwa makokwa yaliyotupwa na wapagazi. Lau kila chipukizi lingalilimiwa kama gugu, kivuli hicho kisingalikuwapo.

Basi tutambueje? Kwanza, tazama mahali. Mche wa mkarafuu aghalabu huota chini ya mama yake, baada ya matunda yaliyoiva kuanguka. Mbegu yake haingoji. Ikikauka hufa upesi. Magugu huota popote, hata njiani.

Pili, tazama majani. Ya mkarafuu hukaa mawili mawili yakikabiliana, ni laini, yanang'aa, na machanga yana wekundu. Lakini mzambarau ni ndugu yake, na miche yao yaweza kukudanganya.

Kwa hiyo, tatu, fikicha jani moja unuse. Harufu ya karafuu haifichiki. Ama mwembe, fukua udongo kidogo. Utaikuta kokwa shinani.

Wala uzuri usitughuri. Katika mashamba ya mtama na mahindi huota kiduha, chenye maua ya kupendeza, kumbe mizizi yake inanyonya mizizi ya nafaka. Hicho king'olewe kabla hakijatoa mbegu, kwani mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikingoja.

Mche ulioutambua uwekee kijiti. Usiuache pale pale, maana mama yake ataunyima jua na chakula. Siku ya mvua uhamishe pamoja na udongo wake, usikate mizizi, na uutilie kivuli mpaka ushike.

Tunawaomba wenye mashamba watangulie mbele ya jembe, wasifuate nyuma yake. Mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Jembe huukata mara moja.

Katibu