Chakula cha Jiji Kina Saa Yake

Binti wa dada yangu alipohamia Dar es Salaam kuanza chuo, wiki ya kwanza tu alinipigia simu kulalamika. Alikuwa ameelekezwa kibanda cha supu kinachosifiwa na darasa zima. Akapanda daladala mbili, akafika, akaletewa bakuli la maji ya uvuguvugu, mafuta yameganda ukingoni, na kipande cha nyama kama kamba ya katani. "Mamdogo, hawa watu wamenidanganya?" Nikamuuliza alikwenda saa ngapi. Saa nane mchana. Hakuna aliyekudanganya, mwanangu. Supu ulishaikosa tangu saa nne. Ulichopewa ni mabaki yake.

Nimefanya kazi ya sayansi ya chakula kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu vitamini wala dawa za kuhifadhi vyakula. Watu wanataka kujua wapi. Wapi pana samaki wazuri, wapi wanapika wali wa nazi wenyewe, wapi mtu atakula asiamke usiku akishika tumbo. Nawaelewa. Jiji hili lilihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na vibanda vyake hufunguka na kufungwa kama maua ya jioni. Nikikuandikia orodha leo, mwakani nusu yake haipo. Saa za chakula, kwa upande mwingine, hazihami. Zinatawaliwa na machinjio, bahari, joto na njaa ya watu wanaofanya kazi. Ukizijua, mahali utapaona mwenyewe.

Supu ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko chakula kingine. Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar hupitia mnada wa Pugu, huchinjwa usiku Vingunguti na kwenye machinjio mengine, na nyama hufika buchani ikiwa haijaonja friji. Wengi ni zebu wa malishoni, wanyama waliotembea sana kutafuta nyasi na maji. Misuli yao imekomaa, imejaa kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoishikilia nyama. Tena misuli ya mnyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, na huchukua siku moja au zaidi kulegea. Nyama kama hiyo ukiikata bapa na kuipitisha motoni haraka, utaitafuna mpaka taya zilalamike. Lakini ukiiacha itokote taratibu kwa saa tatu au nne, joto likiwa juu ya nyuzi 80, kolajeni huyeyuka ikawa jelatini, ule utelezi unaobaki midomoni ukishameza. Makongoro, ambayo ni ngozi na kano karibu tupu, yanahitaji muda zaidi ya huo. Ndiyo maana mpishi wa supu anayeijua kazi yake huinjika sufuria saa tisa usiku, wakati jirani zake wanakoroma.

Hesabu basi. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi supu iko kwenye ubora wake: mchuzi umekolea, nyama imelegea, chapati zinatoka kwenye kikaango, ndimu imekatwa sasa hivi. Ikikaribia saa nne mchuzi hupungua na wateja bado wanakuja, kwa hiyo maji huongezwa. Sisemi ni wizi. Ni hesabu ya mfanyabiashara mwenye sufuria moja. Ila usiende saa hiyo kisha ukamhukumu mpishi. Na mtu akinisifia steki ya hoteli fulani kubwa namsikiliza kwa adabu, lakini kwa maoni yangu ufundi mkubwa wa nyama ya ng'ombe katika jiji hili uko kwenye bakuli la supu, na unaisha kabla ofisi nyingi hazijachangamka.

Mchana ni wa mama lishe. Zamani tulimwita mama ntilie, jina lililotoka midomoni mwa wateja wenyewe waliosimama na sahani wakisema, "Mama, nitilie." Wengi sasa wanapenda kuitwa mama lishe, nami naliheshimu jina hilo, kwa sababu bila wao sehemu kubwa ya Dar ingeshinda na njaa. Chakula chao huiva kama saa tano na nusu: wali, ugali, maharage, mchicha au matembele, samaki, nyama ya mchuzi. Huuzwa motomoto kuanzia saa sita.

Hapo ndipo ningependa msomaji atulie kidogo, maana wali una hatari ambayo wengi hawaitarajii. Watu huogopa nyama na maziwa; wali wanauona hauna neno. Kwenye mchele mkavu huwamo bakteria anayeitwa Bacillus cereus, na mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiiva na kuachwa upoe polepole jikoni, katika joto letu la nyuzi 30, mbegu zile huamka, bakteria huzaana, na baadhi yao hutoa sumu. Sumu hiyo haibadilishi harufu wala ladha, na ukiupasha moto wali upya, hata kwa kuuchemsha, haivunjiki. Aliyekula hutapika baada ya saa moja hadi sita, na mara nyingi atamsingizia samaki aliyekuwa pembeni ya sahani.

Eneo la hatari ni kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Chakula kilichopikwa kikae juu yake au chini yake, kisilale katikati. Hotpoti iliyojazwa wali wa moto na kufunikwa vizuri hulinda joto kwa saa kadhaa. Hotpoti hiyohiyo ikibaki na robo, na kufunguliwa kila dakika, hupoa upesi sana. Kwa hiyo mimi nikifika kwa mama lishe nisiyemjua, macho yangu yako kwenye kifuniko. Kinapofunuliwa, mvuke unapaa? Kama haupai na saa inakaribia tisa, nanunua ndizi naenda zangu. Lakini nikimkuta saa saba na nusu anasugua sufuria tupu na kuniambia, "Dada, umechelewa, chakula kimeisha," huyo nimempata. Kesho saa sita nipo.

Sufuria inayoisha mapema ina maana zaidi ya wingi wa wateja. Maana yake ni kwamba hakuna kiporo kitakachochanganywa na chakula cha kesho, na kwamba mpishi anajua idadi ya watu wake. Hilo linanipeleka kwenye swali la nani anakula hapo. Watu husema tazama penye foleni. Foleni pekee haitoshi. Vibanda vya karibu na stendi za mabasi vina foleni kila siku, lakini msafiri aliyelishwa vibaya leo yuko Dodoma kesho, na mwenye kibanda hatamwona tena. Tazama kama wanaokula ni walewale. Mafundi seremala wa Keko, wauza vipuri wa Gerezani, wabeba mizigo wa Kariakoo, makarani, walimu wa shule ya jirani: hawa hula mahali pamoja siku tano au sita kwa wiki, hela yao ni ya kuhesabu, na wakiumwa tumbo Jumanne, Jumatano benchi liko wazi. Utawatambua kwa namna wanavyohudumiwa. Mpishi hawaulizi wanataka nini. Anapakua, anajua huyu hali maharage na yule ataomba ukoko.

Ubao wa vyakula nao unasema mengi. Penye vyakula vinne vilivyoandikwa kwa chaki ya leo, nina imani. Penye vyakula 40, pilau pembeni ya pizza, najiuliza friji ya nyuma ina ukubwa gani na umeme ulikatika mara ngapi wiki hii.

Samaki nao wana saa yao, na kwao saa ni suala la afya kabisa. Miaka kadhaa iliyopita nilikula vibua wa kukaanga, saa kumi jioni, katika mgahawa ambao sitautaja. Hawakuwa na harufu, walikuwa wamekauka vizuri. Nusu saa haikuisha uso ulikuwa unawaka, moyo unakwenda mbio, shingo inawasha kama nimepita kwenye upupu. Nilijua ni nini hata kabla ya kufika zahanati, kwa sababu nimekuwa nikilifundisha somo hilo. Vibua, jodari na nguru wana nyama yenye histidini nyingi. Samaki hao wakikaa juani bila barafu, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, na histamini ikishatengenezwa haiondolewi na mafuta ya moto, tanuri wala barafu iliyochelewa. Wengi hudhani wana mzio wa samaki, wakaacha kula samaki maisha yao yote, kumbe walikula samaki aliyechelewa. Ukitafuna jodari ukahisi ulimi unawashwa kama una pilipili, na pilipili hujatia, tema.

Ndiyo maana kwa samaki wa jamii hiyo ningeshauri mlo wa asubuhi au wa mchana, karibu na wanakoshushwa. Feri, pale Magogoni, wavuvi wa usiku hufika alfajiri, madalali wananadi, waparaji wanaparua magamba, na kabla ya saa tatu walio wazuri wameshapata wenyewe. Changu, tasi na pono hawana histidini ya kiasi kile, hivyo ukichelewa nao kidogo kosa lako ni dogo, mradi wamelala kwenye barafu. Kwenye sahani huwezi kukagua macho wala mashavu ya samaki. Unaweza kuuliza. Mimi siulizi kama samaki ni freshi, maana jibu lake ni moja mwaka mzima. Nauliza, "Leo boti zimeingia?" Wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka na kuna siku vyombo vidogo havitoki. Muuzaji mkweli atakwambia hao ni wa juzi, wamelala barafuni. Huyo mnunulie, na umkumbuke.

Ijumaa baada ya swala ni wakati wa pilau na biriani, na sina la kuongeza ila kwamba uwahi. Ramadhani nayo hupindua saa zote: mchana vibanda vingi vimefungwa, na kuanzia alasiri barabara za Ilala na Magomeni hujaa vya kufuturu, kama kaimati, magimbi, mihogo ya nazi na tambi. Kwa vyakula vya nazi ule ni wakati mzuri kuliko wote katika mwaka, kwa kuwa tui huchacha haraka na wakati ule halipati nafasi ya kuchacha.

Usiku jiji linakuwa la chipsi. Watu huwalaumu wakaangaji kwa kukaanga viazi mchana, kuvirundika kwenye kabati la vioo na kuvirudisha kwenye karai mteja akifika. Kitaalamu, kukaanga mara mbili ndiko kunakotoa chipsi nzuri: mara ya kwanza kiini kinaiva, mara ya pili nje panakauka na kukwaruza. Tatizo ni muda viazi vinapolala katikati ya mikaango hiyo miwili, na umri wa mafuta. Mafuta yaliyochoka hujitangaza. Hutoa povu lisilotulia, huwa na rangi ya kahawa, na moshi wake hukereketa koo ukiwa bado umesimama barabarani. Saa moja jioni mafuta mengi yako vizuri; saa tano usiku ni habari nyingine. Nikichelewa nachagua zege, yaani chipsi mayai, kwa sababu mayai yanavunjwa mbele yangu na kila kitu kinapata moto upya pamoja.

Mihogo ya kuchoma ya Coco Beach huwa mitamu zaidi jioni za Jumamosi na Jumapili, na sababu haihusiani na upepo wa bahari. Mhogo ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Ukiukata utaona michirizi myeusi, na ladha yake huchachuka. Penye wanunuzi wengi, kama jioni hizo, uliong'olewa jana shambani Mkuranga au Kisarawe haupati muda wa kuchakaa.

Nimemwacha pweza mwisho kwa makusudi. Yeye saa yake iko kwenye mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakipwa kabisa kama saa nne asubuhi miamba hubaki wazi. Watu huingia kwa miguu, mkononi wana mkuki na fimbo, wakitafuta mashimo. Siku za maji mafu miamba haifunuki vya kutosha, na pweza wa siku hizo huenda ametoka barafuni. Si mbaya, maana baridi kali huvunja nyuzi zake na kumlainisha, ila mchuzi wake hauna ile chumvi ya bahari iliyo hai.

Mwezi uliopita, saa kumi na mbili na nusu jioni, simu yangu ililia. Ni binti wa dada yangu, yuko Kigamboni amesimama kwenye meza ya muuza pweza na kikombe cha supu mkononi. Hakuniambia ni meza ya nani wala iko mtaa gani. "Mamdogo," alisema, "mwezi umeandama jana. Njoo kabla hawajaisha."