Caravan na Boeing kwenye Orodha Moja

Tarehe 28 Novemba 2023, kiwanja cha Kikoboga ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mkoani Morogoro, kilishuhudia ajali mbili kwa siku moja. Kwanza ndege aina ya Embraer 120 iliyotoka Zanzibar na watalii ilipata hitilafu wakati wa kutua. Saa chache baadaye ndege nyingine ya aina hiyohiyo, ya kampuni hiyohiyo, ikaacha njia ilipokuwa ikiondoka. Hakuna aliyekufa.

Baada ya tukio kama hilo watu husema kampuni ndogo zibanwe. Sawa, lakini zibanwe wapi? Sheria za anga hazijawahi kuzichukulia ndege zote kuwa sawa. Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa (ICAO), lililotokana na mkataba wa Chicago wa 1944, hupanga masharti kwa uzito, idadi ya abiria na kazi ya ndege. Mlango wa chumba cha rubani usiopenya risasi ni lazima kwa ndege za abiria zenye viti zaidi ya 60. Kifaa cha kumwonya rubani asigongane na mwenzake angani ni lazima kwa ndege za injini za tabaini zinazopita kilo 5,700, au zinazoruhusiwa kubeba abiria zaidi ya 19. Cessna Caravan, ambayo ndiyo daladala ya viwanja vya changarawe katika mbuga zetu, haifikishi hata kilo 4,000, hivyo masharti yote mawili yanaipita juu.

Morogoro mjini kuna ndege ndogo kuliko hiyo. Airplanes Africa Limited, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2021 na wawekezaji kutoka Jamhuri ya Cheki, huunda Skyleader 600, ndege ya viti viwili vya ubavu kwa ubavu yenye injini ndogo ya Rotax. Ikiwa na mafuta, rubani na mwenzake, uzito wake wa juu ni kilo 600, na hata gari la Probox tupu linauzidi. Kuidai ndege hiyo makaratasi ya Boeing ni kuiua kabla haijaacha ardhi. Marekani ilizitungia ndege nyepesi za namna hiyo kanuni zake mwaka 2004, na Ulaya kuanzia 2014 ikaanza kupunguza mzigo wa kanuni kwa ndege za watu binafsi na vilabu.

Hata hivyo milima ya Uluguru haimpunguzii mtu masharti kwa sababu ndege yake ni ndogo. Kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600, ilhali mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi. Upepo wa Bahari ya Hindi hupandisha mawingu kwenye miteremko ya mashariki, na rubani anayeruka kwa kutegemea macho yake hana budi kugeuza pindi anapoacha kuona mbele. Ajali za Mikumi zilikuwa zimetanguliwa na funzo lililouma zaidi: Novemba 2017 Caravan ilianguka karibu na kreta ya Empakai, Ngorongoro, ikaua watu wote 11 waliokuwa ndani. Kwa abiria aliyekaa nyuma, udogo wa kampuni si utetezi.

Wamarekani walilijua hilo mapema. Desemba 1995, baada ya mfululizo wa ajali za ndege za masafa mafupi, waliamua kwamba ndege za ratiba zenye viti 10 hadi 30 zifuate kanuni za mashirika makubwa. Embraer 120, yenye viti 30, ilimezwa na uamuzi huo. Kwa maneno mengine, kupima masharti kwa ukubwa kunaweza pia kuyapandisha.

Mzigo usio na maana mara nyingi umo ofisini. Chukua kampuni yenye Caravan mbili na marubani wanne. Ili ipate cheti cha kubeba abiria inatakiwa iwe na meneja anayewajibika, mkuu wa urushaji, mkuu wa matengenezo, msimamizi wa usalama na wa ubora, pamoja na vitabu vya taratibu vinavyojaza kabati. ICAO yenyewe, katika kiambatisho chake cha 19, inasema mfumo wa kusimamia usalama ulingane na ukubwa wa kampuni na ugumu wa kazi yake. Mkaguzi mwerevu atakubali mtu mmoja avae kofia mbili, mradi anayerusha ndege asijikague mwenyewe. Mkaguzi asiye na uzoefu atahesabu kurasa, kisha aondoke bila kuitazama tairi.

Na hapo ndipo ubaya unapoanzia. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga yake. Juni 2025 ukaziingiza kampuni zote zilizopewa vyeti Tanzania. Sababu iliyotajwa haikuwa kosa la kampuni moja moja. Ilikuwa udhaifu wa usimamizi: upungufu wa wataalamu wenye sifa, na ukaguzi usiotosheleza wa urushaji na wa hali ya ndege.

Caravan inayotoka Dar es Salaam kwenda mbugani haitafika Brussels maisha yake yote. Lakini mtalii wa Ulaya hununua safari nzima kwa wakala wa kwao, na jina la kampuni likiwa kwenye orodha hiyo wakala huwa na la kumweleza mteja. Kampuni iliyotunza injini kwa miaka bila doa inaingia kapu moja na ile iliyozembea, kwa kuwa aliyetakiwa kuzitofautisha, yaani mkaguzi wa serikali, haaminiki. Ni rahisi kulaumu Ulaya kwa ubabe, na lawama hiyo ina ukweli wake. Ila wadogo wenyewe wana sababu ya kudai mkaguzi mkali, anayelipwa vizuri kiasi cha kutokimbilia mashirika ya ndege, kuliko kudai apewe likizo.

Ulaya inaruhusu kampuni moja moja kutolewa kabla ya nchi nzima. Indonesia ilifungiwa mwaka 2007, na Garuda pamoja na wenzake wachache wakatolewa 2009, lakini wa mwisho walisubiri hadi 2018. Zambia ilikaa kwenye orodha tangu 2009 hadi 2016, Msumbiji tangu 2011 hadi 2017. Shirika la taifa lina hazina ya kulisukuma kupitia muda huo. Mwenye Caravan mbili hutegemea msimu wa watalii wa Juni hadi Oktoba kulipa mkopo wa benki, na kwa kipimo cha Msumbiji misimu hiyo ni sita.