Kubadili difu nyumbani: mawe kwanza



Siku moja hapa Mikumi tulimkuta mwenye Land Rover ya zamani amelala chini ya gari lake. Alikuwa anafungua difu. Hendibreki ameivuta, lakini jiwe hata moja hakuweka. Tukamwomba atoke kwanza. Kwa nini?

Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake mna gia. Difu hupokea nguvu kutoka kwa propela, kile chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari. Kisha huigawa kwa ekseli mbili, kulia na kushoto. Kwenye kona, difu huacha gurudumu la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani.

Sasa sikilizeni. Katika Land Rover hizi, hendibreki haikamati magurudumu. Inakamata propela. Ukichomoa propela, au hata ekseli moja tu, hendibreki haizuii tena magurudumu. Hata ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari linaweza kuondoka likakuponda.

Basi tufanye hivi:

1. Simamisha gari mahali tambarare. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Jeki haihitajiki.
2. Kinga oili ya difu kwa beseni. Usiimwage chini.
3. Fungua bolti 4 za propela kwenye difu.
4. Kila upande, fungua bolti 6 katikati ya gurudumu, uchomoe ekseli.
5. Fungua nati 10 za difu. Ni nzito, muwe watu wawili.
6. Weka gasketi mpya, funga difu nyingine, rudisha vyote. Tia oili nzito ya gia kabla ya kuendesha.

Ukinunua difu iliyotumika, hakikisha hesabu ya meno yake inalingana na ya difu ya mbele. Zisipolingana, siku ya matope ukitia gia ya magurudumu manne, unaweza kuziharibu.

Kama bonge lina mfuniko wa bolti upande wa nyuma, hiyo ni aina nyingine. Usiifungue, mwite fundi.

Jadilianeni:
Hendibreki ya Land Rover ya zamani inakamata nini?
Mawe yanawekwa wapi, na wakati gani?