Ghorofa ndefu za makazi: Gharama iliyopunguzwa kwenye ramani hulipwa na nani?

Majengo marefu ya makazi yanayojengwa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali yamekuwa soko kubwa la saruji, nondo, marumaru, nyaya na mabomba yanayovuka mipaka ya Afrika Mashariki. Wakati huohuo, wafanyabiashara wenye akiba wamekuwa wakinunua fleti katika majengo hayo, mara nyingine yakiwa bado kwenye karatasi.

Kwa anayeuza vifaa, anayevisafirisha na anayenunua fleti, kuna jambo moja la kuelewa. Majengo mawili ya urefu unaolingana, katika mtaa mmoja, yanaweza kutofautiana sana kwa bei, kwa idadi ya malori yanayoingia na kwa ada ambayo wakazi watalipa kila mwezi. Tofauti hiyo huamuliwa mezani, pale mwenye mradi, msanifu, mhandisi na mkadiriaji majenzi wanapokubaliana nini kiwekwe na nini kiondolewe.

Kanuni yenyewe ni rahisi. Gharama inayoondolewa kwenye ramani mara nyingi haifutiki bali huhamia kwa mwingine. Anaweza kuwa mnunuzi, mpangaji, jirani au hata dereva wa lori.

KUPANDA JUU SI BURE

Sababu kubwa ya kujenga kwenda juu ni bei ya kiwanja. Kiwanja kikiwa ghali, fleti 80 hugawana bei hiyo vizuri zaidi kuliko fleti 12. Lakini kila ghorofa inayoongezwa huongeza mzigo kwenye nguzo na msingi wa chini yake. Jengo refu linahitaji lifti, pampu za maji, mfumo wa kuzima moto na ngazi pana. Vitu hivyo vyote hula eneo ambalo lingeuzwa.

Ndiyo maana gharama ya mita moja ya mraba katika jengo la ghorofa 20 kwa kawaida huwa juu kuliko ya jengo la ghorofa nne. Mwenye mradi hutafuta urefu ambao nafuu ya kiwanja bado inazidi nyongeza ya gharama ya ujenzi. Akipita hapo, kila ghorofa mpya humpunguzia faida.

SLABU, NONDO NA MALORI

Chukua mfano wa jengo lenye ghorofa 20, kila ghorofa ikiwa na mita za mraba 500 na fleti nne. Slabu ya unene wa sentimita 20 ina mita za ujazo 100 za zege kwa kila ghorofa. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban tani 2.4, kwa hiyo slabu moja ni tani 240.

Kama zege hilo linatumia kilo 350 za saruji kwa kila mita ya ujazo, slabu moja inahitaji mifuko 700 ya kilo 50. Lori linalobeba tani 28 hupakia mifuko 560. Kwa slabu zote 20, bila kuhesabu msingi, nguzo na kuta, hayo ni malori 25 ya saruji. Nondo zikikadiriwa kwa kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, zinafika tani 200.

Sasa mhandisi aongeze unene wa slabu kwa sentimita mbili na nusu tu. Jengo lote linapata tani 600 zaidi za zege, na saruji inaongezeka kwa mifuko 1,750. Nguzo na msingi navyo lazima viimarishwe ili kubeba uzito huo.

Kwa nini basi aongeze? Kwa sababu slabu nene isiyo na boriti chini yake ina faida zake. Inafungwa mbao haraka, mabomba yanapita kwa urahisi na kimo cha ghorofa kinapungua. Kila ghorofa ikipungua sentimita 20, ghorofa 20 zinaokoa mita nne, ambazo ni zaidi ya kimo cha ghorofa moja. Mahali ambapo urefu wa majengo unadhibitiwa, kama karibu na viwanja vya ndege, nafasi hiyo inaweza kumpa mwenye mradi fleti nne zaidi za kuuza.

Slabu yenye boriti hutumia zege kidogo, lakini hutaka mbao nyingi, mafundi wengi na siku nyingi. Kwa muuza vifaa, uamuzi huo mmoja ndio unaosema kama mteja atataka saruji na nondo zaidi, au mbao na plaiwudi zaidi.

KASI AU BEI YA CHINI?

Mradi wa mkopo hulipa riba kila mwezi, jengo likipanda au likisimama. Kwa hiyo njia ya ujenzi iliyo ghali mwanzoni inaweza kuwa nafuu mwishoni.

Mfano ni fomu za alumini za kumwagia zege. Bei yake ya kununua ni kubwa kuliko ya mbao, lakini fomu moja inaweza kutumika zaidi ya mara 100, na ghorofa nzima pamoja na kuta zake humwagwa kwa pamoja. Sharti lake ni kwamba ghorofa zote zifanane. Mnunuzi wa ghorofa ya 12 hawezi baadaye kubomoa ukuta kupanua sebule, kwa kuwa ukuta huo ni sehemu ya kinachobeba jengo.

Mahitaji ya usafiri nayo hubadilika. Badala ya malori ya mbao na matofali kila wiki, yanakuja makontena machache ya fomu mwanzoni, kisha saruji na kokoto kwa mfululizo. Zege lililochanganywa kiwandani linatakiwa limwagwe kwa kawaida ndani ya saa moja na nusu hadi mbili, na hilo ni gumu katika foleni za mchana za Nairobi au Dar es Salaam. Wakandarasi wengi hupenda kumwaga usiku.

Kiwanja kidogo cha mjini pia hakina ghala. Mkandarasi huagiza mzigo mdogomdogo, na lori linaweza kusubiri saa nyingi kushusha. Mwenye mradi ameokoa gharama ya kukodi eneo la kuhifadhia, lakini muda wa kusubiri unamwangukia msafirishaji asipouandika kwenye mkataba.

LIFTI, MAJI NA JENERETA

Mtaa wa Pipeline, eneo la Embakasi jijini Nairobi, unajulikana kwa majengo ya kupanga ya ghorofa saba, nane na zaidi ambayo mengi hayana lifti. Mwenye jengo ameokoa bei ya kuinunua na kuitunza, na kodi ya chumba imebaki chini. Anayelipa ni mpangaji wa juu, kwa miguu yake, na maji yanapokatika hulipa mara ya pili kwa kubeba madumu ngazi kwa ngazi.

Katika jengo la fleti 80, ubishi huwa juu ya idadi ya lifti. Lifti moja ni nafuu kununua. Lakini siku inapofanyiwa matengenezo, mgonjwa, mzee na mama mwenye mtoto mgongoni wanabaki walipo. Vipuri vinavyoagizwa nje vikichelewa bandarini, siku moja inakuwa wiki.

Maji nayo yana hesabu yake. Fleti 80 zenye watu wanne kila moja, kila mtu akitumia lita 100, zinahitaji lita 32,000 kwa siku. Hizo ni tani 32 za kupandishwa mita 60 hivi. Umeme wa kazi hiyo si mwingi, takriban uniti 10 kwa siku kwa pampu yenye ufanisi wa kawaida. Tatizo ni kwamba pampu ikisimama, jengo lote linakauka. Pampu ya akiba, tangi kubwa la chini na jenereta huongeza bei ya ujenzi, na ndivyo vitu vinavyokatwa mapema bajeti inapobana.

JOTO LA DAR SI BARIDI YA NAIROBI

Ramani iliyofanya vizuri mji mmoja inaweza kuwa mzigo katika mji mwingine. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi huishi bila kiyoyozi. Dar es Salaam iko ufukweni, kwenye joto na unyevu.

Kioo kutoka chini hadi dari, kikitazama magharibi bila baraza wala kivuli, hupendeza kwenye picha ya mauzo. Mkazi wa Dar es Salaam atalipia mapambo hayo kwa umeme wa kiyoyozi kila mwezi. Baraza yenye kina, madirisha yanayotazamana ili upepo upite, na kuelekeza upande mwembamba wa jengo mashariki na magharibi ni njia za zamani za pwani. Kwenye daftari la mwenye mradi, hata hivyo, baraza ni zege lisilouzwa kwa bei ya chumba.

MAGARI YALALE WAPI?

Nafasi ya gari moja ni mita 2.5 kwa 5, lakini ukihesabu na njia ya kupita inafika mita za mraba 25 hadi 30. Magari 80 yanahitaji angalau mita za mraba 2,000. Katika mfano wetu hizo ni ghorofa nne nzima.

Kuchimba chini ya jengo ndiyo njia ghali zaidi. Katikati ya Dar es Salaam maji ya ardhini yako karibu na lazima yazuiwe, na sehemu nyingi za Nairobi mchimbaji hukutana na mwamba. Kuyaweka magari ghorofa za mwanzo ni nafuu zaidi, lakini huchukua nafasi ambayo ingekuwa maduka au fleti. Kupunguza idadi ya nafasi ndiyo nafuu kuliko zote, ila magari yanahamia barabarani, na lori la mzigo la mtaa huo halipati pa kupita.

KISICHOPASWA KUKATWA

Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36.

Huko London, moto wa jengo la makazi la Grenfell Tower, lenye ghorofa 24 na ngazi moja tu, uliua watu 72 Juni 14, 2017. Wakati wa ukarabati, paneli za zinki zilizopangwa awali kwa kuta za nje zilibadilishwa kuwa paneli za alumini zenye plastiki katikati, na bajeti ikapungua kwa karibu pauni 300,000. Paneli hizo ndizo zilizosambaza moto. Desemba 2018 Uingereza ilipiga marufuku vifaa vinavyoweza kuungua kwenye kuta za nje za majengo mapya ya makazi yanayozidi mita 18.

Paneli za alumini huuzwa pia katika miji yetu. Muagizaji anayeleta kontena anapaswa kudai karatasi ya kiwanda inayoonyesha kilichomo katikati, kwa sababu kwa macho zote zinafanana.

FORODHA NA CHAGUO LA VIFAA

Tangu Julai 1, 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha nne cha ushuru wa pamoja, cha asilimia 35, kwa makundi kadhaa ya bidhaa kutoka nje ya Jumuiya, zikiwemo za chuma, za kauri, rangi na samani. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na yenye cheti cha uasili haitozwi ushuru huo. Ndiyo maana marumaru za viwanda vya Mkuranga na Chalinze nchini Tanzania, au Kajiado nchini Kenya, huweza kushindana na zile za kutoka Asia. Nchi wanachama hupitisha mabadiliko kila mwaka wa bajeti, hivyo wakala wa forodha aulizwe kabla ya kuagiza.

MASWALI KABLA YA KUTOA FEDHA

Kwa anayenunua fleti, picha ya rangi haitoshi. Aulize lifti ni ngapi, jenereta inabeba nini, tangi linatosha siku ngapi, ngazi za dharura ni ngapi, na ada ya huduma ilikadiriwa kwa hesabu gani. Ada ndogo isiyo na fungu la kubadilisha lifti na pampu ni deni la baadaye.

Aulize pia hati. Uganda ina sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo tangu 2001, Tanzania tangu 2008, na Kenya ilipitisha sheria mpya mwaka 2020. Kenya humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Tanzania humpa asiye raia ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Ushauri wa wakili ni nafuu kuliko kesi.

Kwa anayeuza au kusafirisha vifaa, swali la kwanza kwa mkandarasi ni slabu gani inajengwa, kwa fomu zipi, na mzigo unashushwa saa ngapi. Majibu hayo matatu yatamwambia apakie nini, lini, na kwa bei ipi ili kusubiri kwa lori lake kulipwe na aliyekusababisha.