Eropleni Iliyojengwa Bandani



Mtu akituambia kwamba jirani yake anajenga nyumba, hatushangai. Akisema anajenga mashua, twaenda kutazama. Lakini akisema kwamba anajenga eropleni katika banda lake, naye atairusha mwenyewe, pengine tutadhani amerukwa na akili. Hata hivyo jambo hilo limefanyika mara nyingi, na hata leo lafanyika. Nataka kuwaeleza habari ya eropleni moja ya namna hiyo.

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Minnesota, kuna kijiji kiitwacho Cherry Grove. Hapo alikaa fundi Bernard Pietenpol, aliyezaliwa mwaka 1901. Ufundi wake alijifunza mwenyewe kwa kutengeneza mitambo. Siku zile injini za eropleni zilikuwa ghali mno kwa mtu wa shamba, lakini motokaa za Ford zilikuwa zimeenea kila mahali. Pietenpol akawaza: injini iwezayo kuvuta motokaa, kwa nini isivute eropleni ndogo? Mwaka 1929 alitia injini ya Ford namna ya A, yenye nguvu za farasi kama 40, katika eropleni yake ya mbao, nayo ikaruka.

Mhariri wa gazeti moja la ufundi alikuwa amesema kwamba injini ya motokaa haifai kwa kazi hiyo. Pietenpol hakumjibu kwa maneno matupu. Mwaka 1930 eropleni mbili za namna yake zilirushwa mpaka Minneapolis, mhariri akaziona kwa macho yake. Basi akakubali, na ramani za eropleni hiyo, iitwayo Air Camper, zikapigwa chapa katika kitabu cha mwaka 1932. Tangu hapo mtu yeyote mwenye msumeno, randa na subira aliweza kuanza.

Fundi wa jahazi wa pwani yetu hujenga kwa jicho na kumbukumbu, maana amesimama miaka mingi kando ya mwalimu wake. Mjenzi wa eropleni hana mwalimu kando yake. Karatasi ndiyo mwalimu. Humwambia urefu na unene wa kila ubao, na jinsi ya kuuunga.

Tutazame bawa. Ndani yake mna boriti mbili ndefu, na juu ya boriti hizo hupangwa mbavu nyembamba zilipazo bawa umbo lake. Mbavu hizo hazina budi kufanana. Basi fundi huchora ubavu mmoja, kwa ukubwa wake kamili, juu ya ubao uliosawazishwa. Hupigilia vipande vya mti kando ya mstari, na hapo amepata kalibu. Hutia fito ndani, huzikunja zifuate mstari, huziunga kwa gundi, na kila kiungo hukikaza kwa kipande chembamba cha mbao. Gundi ikikauka, huutoa ubavu na kuanza mwingine. Mti utumikao ni sprusi, ulio mwepesi na wenye nguvu. Ubao wenye fundo au ufa hutupwa. Gundi ya zamani ilitokana na maziwa. Siku hizi hutumiwa gundi za kemikali zisizodhuriwa upesi na maji.

Mifupa ikiisha, huvikwa kitambaa. Kitambaa hupakwa dawa ikivutayo, kikakaza kama ngozi ya ngoma. Lakini kabla ya kuvika, fundi mwenye busara husimama kwanza. Humwita mtu mwingine mwenye ujuzi akague kila kiungo, kwa kuwa kitambaa kikishavikwa, makosa hayaonekani tena. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko juu hapana nafasi ya kujenga ukuta.

Jambo la pili ni uzani. Mtu achukuaye mzegazega hulisogeza bega lake mpaka mizigo miwili ilingane. Eropleni nayo ina mahali pake pa kulingana. Uzito ukizidi nyuma, pua huinuka, kasi hupotea, na rubani huenda asiweze kuirudisha. Injini ya Ford ni nzito. Mtu akitia injini nyepesi mahali pake, yampasa kuisogeza mbele zaidi. Badiliko moja huzaa jingine.

Je, ramani ikifuatwa, hatari imekwisha? La. Mwaka 1934 Mfaransa Henri Mignet alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kujenga eropleni ndogo sana, ambayo jina lake kwa Kifaransa maana yake ni Chawa wa Angani. Watu wengi wa Ufaransa na Uingereza wakaijenga kwa furaha. Kisha baadhi yao wakafa. Mwaka 1936 eropleni hiyo ilipimwa ndani ya bomba kubwa la upepo, ikaonekana kwamba ikiinamisha pua kupita kiasi, usukani haukuweza kuiinua tena. Kosa halikuwa la mikono ya wajenzi peke yao. Lilikuwamo katika ramani. Ndipo ramani ikarekebishwa.

Kwa hiyo Marekani leo humwacha mtu ajenge, lakini haimwachi aruke apendavyo. Eropleni hukaguliwa kwanza, kisha kwa kawaida hujaribiwa angani kwa saa 25 au 40, kwa kadiri ya injini yake, mbali na miji, bila abiria wa matembezi. Fundi huandika katika daftari kila alilofanya na kila alilogundua.

Pietenpol alifariki mwaka 1984, lakini Air Camper zingali zikijengwa. Kijana mwenye mikono mizuri asiogope kazi kubwa kwa sababu hakuzaliwa mjini. Ila aisome ramani yake mpaka aielewe, na kiungo ambacho angeona haya kumwonyesha mwenziwe, akivunje, akiunge upya.