Mawe Mawili Mfukoni

Kila siku stendi ya Nyegezi hupokea jamaa zetu kutoka Misungwi, Kwimba na Shinyanga. Wengi ni wakulima wa pamba. Mkulima huyo akipeleka mzigo kituo cha ununuzi, macho yake hayabanduki kwenye mizani. Anajua ikichezewa, jasho la msimu mzima limekwenda.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inamkataza Mwisraeli kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, zito na jepesi. La kununulia na la kuuzia.

Lakini ipo mizani ambayo mkulima wetu haioni. Bei yake hufuata soko la dunia, na kwa miaka mingi Marekani imewalipa wakulima wake ruzuku ya pamba. Wanalima hata bei ikiporomoka. Pamba yao ikijaa sokoni, yetu inashuka thamani. Mwaka 2003, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilililalamikia hilo kwenye mkutano wa Shirika la Biashara Duniani mjini Cancún, Mexico. Mkutano ukavunjika. Brazil ilishtaki, ikashinda, na mwaka 2014 Marekani ikakubali kuilipa dola milioni 300 ili shauri liishe. Mkulima wa Kwimba hakupata hata senti.

Mwaka 2015 jijini Nairobi nchi zilikubaliana kufuta ruzuku za kusafirishia mazao nje. Ni hatua. Ruzuku anayolipwa mkulima nyumbani kwake ikabaki. Nasi, miaka ya 1990, tuliondoa ruzuku ya mbolea kwa masharti ya wakopeshaji, ambao nchi hizo tajiri ndizo zenye sauti kubwa kwao. Hayo si mawe mawili?

Sisemi dhambi zote ziko ng'ambo. Wapo wetu wanaotia maji na mchanga kwenye pamba ili uzito uongezeke; hao nao watubu. Na tunapoombea bei nzuri kanisani, tusimsingizie Mungu: bei mbaya hakuipanga Yeye. Imepangwa na watu wenye ofisi na saini, nao wanaweza kuulizwa.

Basi mbunge akija kwenye harambee ya kuezeka kanisa lenu, mpokee vizuri, mpe soda. Akishatoa mchango wake, muulize serikali yetu inadai nini juu ya ruzuku ya pamba kwenye mazungumzo ya biashara. Akisema atafuatilia, mwambie mnamsubiri kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa.